Penseli, Bunduki na Pembe ya Tandala

Skauti wetu wanapojipanga uani mwa kanisa, skafu shingoni, wengi wetu tunajua kwamba mwanzilishi wao, Robert Baden-Powell, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa papo hapo. Mwaka wake wa 1896 husimuliwa mara chache.

Mwaka huo alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akipigana na Wandebele waliokuwa wameinuka dhidi ya utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes. Usiku alinyemelea milima ya Matopo akipeleleza. Alipopata wasaa alichora. Hakika alikuwa na kipaji, maana aliweza kuchora kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Aliwinda pia, na Oktoba alimuua simba. Hayo aliyaandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1897, pamoja na michoro yake.

Katika kitabu hicho hicho yumo Uwini, mkuu wa wenyeji aliyekamatwa Septemba akiwa na jeraha. Baden-Powell alimfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi, akaidhinisha hukumu, na Uwini akapigwa risasi. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulimwondolea afisa huyo lawama.

Linalotusumbua ni kwamba jicho lilikuwa moja. Mchoraji, mwindaji na mpelelezi wote huhitaji utulivu, subira na kutazama kwa makini. Nasi hatuoni mahali penseli ilipoachana na bunduki. Mwaka 1915 yeye mwenyewe alieleza jinsi alivyoficha ramani za ngome ndani ya michoro ya mabawa ya vipepeo. (Fundi wa kuchora vipepeo hatiliwi shaka upesi!) Vijana wetu hufundishwa utazamaji huo huo, kusoma nyayo na kukumbuka walichokiona, na ni mafunzo mema. Lakini skauti akiuliza yalitoka wapi, Uwini naye atajwe kwa jina.

Tena ipo pembe ya tandala. Baden-Powell aliitwaa katika vita vile vya 1896, ambamo Wandebele walizitumia pembe za namna hiyo kupashana habari. Mwaka 1907, katika kambi ya kwanza ya wavulana kisiwani Brownsea, Uingereza, aliipuliza pembe hiyo asubuhi, nao wakaamka na kutoka mahemani.