Elimu ya Zamu

Nikiulizwa kazi yangu ilikuwa nini, jibu la haraka ni kwamba nilicheza soka la ukumbini kwa mshahara huko Marekani, kisha nikalifundisha. Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba nilikuwa mtu wa zamu, na sehemu kubwa ya mechi zangu niliimaliza nikiwa nimekaa. Sisemi hivi kwa kujishusha. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba mchezaji wa ukumbini huanza kujifunza ukocha akiwa bado amevaa jezi, na mwalimu wake si umri wala kipaji, bali ni namna mchezo wenyewe ulivyopangwa. Humpa dakika moja au mbili za kukimbia hadi pumzi ikate, humrudisha benchi atazame, kisha humtuma tena akajaribu alichokiona.

Asiyeujua mchezo huu aufikirie uwanja wa hoki ya barafu, urefu kama meta 61 na upana kama meta 26, barafu imefunikwa zulia la nyasi bandia, ukuta umezunguka pande zote na juu ya ukuta kuna kioo kizito. Kila timu ina watu sita, kipa akiwamo, na mechi ina robo nne za dakika 15. Mpira ukigonga ukuta unarudi na mchezo unaendelea. Waliokulia chandimu ya vichochoroni hawahitaji kuelezwa zaidi. Kubadili wachezaji hakuna idadi wala hakusubiri filimbi. Sasa tupige hesabu. Nafasi tano za ndani kwa dakika 60 ni dakika 300 za kugawana. Kama wachezaji wa ndani ni 15 na mgawo ni sawa, kila mmoja anacheza dakika 20 na kutazama 40. Kwa msimu wa mechi 48, kama ulivyokuwa katika ligi ya ukumbini ya MISL katikati ya miaka ya 1980, hizo ni saa 32 za kuutazama mchezo kutoka pale anaposimama kocha, mapigo ya moyo yakiwa bado juu. Nyota walicheza zaidi ya hapo, na wa mwisho kikosini walicheza pungufu ya hapo, lakini hata nyota hakuikwepa benchi.

Elimu hiyo huonekana vizuri zaidi pale mlangoni, kwenye upenyo wa ukuta mbele ya benchi. Anayetoka amelowa jasho, viwiko na magoti vimechubuliwa na zulia, na pumzi iliyobaki inamtosha maneno matatu au manne. Mwenzake ameshachupa ndani, kwa hiyo anamwambia aliyekaa jirani, ambaye zamu yake inafuata. Ni kama mlinzi anayekabidhi lindo alfajiri: hasimulii usiku mzima, anataja lango lisilofungika. Mchezaji naye hana nafasi ya kulalamika wala kujisifu. Lazima achague jambo moja litakalomfaa mwenzake baada ya sekunde 40: beki wao mrefu hageuki upande wa kushoto, kipa wao anatoka mapema, mpira ukipigwa kwenye ile kona ya ukuta unarudi chini chini. Kuchagua jambo moja na kuliacha lingine ambalo nalo ni la kweli ndiyo kazi ya kocha wakati wa mapumziko, na makocha wengi wa soka la nje huifikia wakiwa wamechelewa. Darasa kali kuliko hilo ni kizimba cha adhabu. Mwenye kadi ya buluu hukaa humo dakika mbili, wenzake wakicheza pungufu, naye hana la kufanya ila kutazama pengo aliloliacha linavyozibwa au kutumiwa.

Ushahidi wangu uko kwenye kumbukumbu za ligi. Preki, mzaliwa wa Belgrade, alicheza ukumbini katika Tacoma Stars tangu 1985 na baadaye St. Louis Storm kabla ya kwenda Everton. Akiwa Kansas City alichaguliwa mchezaji bora wa MLS, ligi ya soka la nje ya Marekani, mwaka 1997, akachaguliwa tena 2003 akiwa na miaka 40, umri ambao miguu haiwezi kulieleza jambo hilo peke yake. Mwaka 2007, msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu, Chivas USA ikiwa mikononi mwake, alitajwa kocha bora wa ligi. Toronto haikumwendea vizuri. Sacramento Republic ilitwaa taji la ligi ya USL mwaka 2014 chini yake, na huo ulikuwa msimu wa kwanza wa klabu hiyo. Fernando Clavijo, mzaliwa wa Uruguay, alicheza ukumbini miaka mingi, akaichezea Marekani Kombe la Dunia la 1994 akiwa na miaka 38, kisha akafundisha New England, timu ya taifa ya Haiti na Colorado. Mbrazili aitwaye Tatu, aliyekuwa akiwatupia mashabiki jezi yake kila akifunga, aliiongoza Dallas Sidekicks akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Keith Tozer alicheza MISL ilipokuwa changa, kisha akaifundisha Milwaukee Wave kuanzia 1992 hadi 2014.

Najua atakayenikatiza. Atasema kocha aliyetwaa mataji mengi kuliko wote ukumbini enzi zile, Ron Newman wa San Diego Sockers, alikuwa Mwingereza aliyekulia soka la nje, na alibeba mataji kumi ya ukumbini bila kuishi maisha ya zamu kama yetu. Ni kweli, na pingamizi hili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Lakini sikusema benchi ndiyo njia pekee. Newman aliufikia mchezo ule akiwa kocha tayari, akausoma upya. Ninaowazungumzia mimi ni watu ambao hakuna aliyewaandaa kuwa makocha. Mmoja wao ni Brian Quinn, kiungo wa Newman, aliyekuja kuifundisha San Jose Clash. Mwingine atasema hata soka la nje lina benchi. Ipo, ila mchezaji wa akiba hutazama dakika 70 halafu huingia mara moja tu, na alichokiona akikosea hana pa kukirudia. Wa ukumbini hukisia, hujaribu, hukosea na kurudi kukisia tena mara kumi na kitu katika usiku mmoja.

Pingamizi la tatu, kwamba ni njaa iliyotusukuma kufundisha, silikatai hata kidogo. MISL iliyoanza 1978 ilikufa 1992. Ligi ya CISL ilidumu kuanzia 1993 hadi 1997. MISL ya pili ikaanza 2001, ikavunjika 2008. Mtu ambaye mwajiri wake anaweza kutoweka kabla ya msimu ujao hutafuta kazi ya pili, na kazi iliyokuwa karibu ilikuwa kufundisha watoto kwenye kambi za kiangazi. Wengi wetu tulishika filimbi kwa sababu ya kodi ya nyumba. Hata hivyo njaa hueleza kwa nini mtu anaanza. Haielezi kwa nini wengine waliifanya vizuri.

Kinachonisumbua zaidi ni ukuta, kwa sababu hapo wakosoaji wana haki kuliko tunavyopenda kukiri. Ukuta unasamehe. Pasi mbovu inarudi, shuti lililopotea linageuka pasi, na kijana anazoea kupiga kutoka pembe yoyote akingoja marudio ambayo nje hayapo. Kanuni ya mistari mitatu nayo inamkataza kuurusha mpira hewani kuivuka yote bila kuguswa, kwa hiyo hajui pasi ya meta 40, na umbali kati ya beki na kiungo unamponyoka macho. Kocha aliyetoka ukumbini lazima ajifunze umbali upya, na kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko kujifunza mbinu yoyote. Kwa upande mwingine, hakuna aliyewahi kunifundisha wakati wa kumtoa mchezaji. Niliujua tayari. Bega la mtu huanguka kabla mwendo wake haujapungua, na aliyetazama mabega ya wenzake saa 32 kila msimu huliona.

Tangu 2020 soka la nje limeruhusu kubadili wachezaji watano badala ya watatu, na tangu 2022 hiyo ni kanuni ya kudumu. Marafiki hunitania kwamba sasa dunia inatufuata. Bado, ingawa hesabu imesogea. Anayetolewa dakika ya 60 hupewa koti, hukaa, na yote anayoyaona katika nusu saa iliyobaki hana mlango wa kuyaingiza.