Sahani ya Mjomba

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni walimu kama sisi, nao waijua furaha ya kusahihisha. Kalamu nyekundu ikiwa mkononi, mtu hujiona yu mkubwa. Leo twataka kusimulia habari ya siku moja tuliposahihisha kwa maneno ya kweli, na hata hivyo tukakosa.

Mjomba wetu alikaa Dunda, hapa Bagamoyo, karibu na pwani. Zamani alikuwa kuli wa bandari katika Dar es Salaam, na huko mabaharia walimpa au walimwuzia sahani za santuri. Aliporudi kwetu alileta sanduku la mbao lenye sahani 17, zote za muziki wa Marekani wa miaka ya 1970. Mlikuwamo Tapestry ya Carole King, iliyokaa juu ya orodha ya sahani kubwa za Marekani kwa majuma 15 katika mwaka 1971. Mlikuwamo Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, iliyoshika mahali pa kwanza siku ile ile ilipoingia orodhani, mwaka 1976. Tena mlikuwamo Rumours ya Fleetwood Mac, ya mwaka 1977, iliyopata majuma 31. Orodha hiyo hutolewa kila juma na gazeti liitwalo Billboard, na siku zile watengenezaji wake waliuliza madukani sahani zipi zimenunuliwa zaidi.

Muziki wa namna hiyo haukupendeza wakubwa wote. Tangu Januari 1969 vijana wa TANU walipiga vita nguo fupi na suruali za kubana, na mwaka ule ule muziki wa soul ukakatazwa katika Dar es Salaam. Wakubwa walisema kwamba watu huru yafaa wacheze ngoma zao wenyewe. Hawakusema bila sababu, kwa kuwa bendi zetu, kama NUTA Jazz na Afro 70, zilistahili kusikilizwa. Mjomba alizipenda hizo pia. Alisema kwamba Mungu amempa masikio mawili, hakuona haja ya kuziba moja.

Lakini katika sanduku lile ilikuwamo sahani moja aliyoipenda kuliko zote, nayo ni 52nd Street ya Billy Joel. Ilitoka Oktoba 1978, na Novemba ikapanda mahali pa kwanza katika Marekani, ikakaa huko majuma 8. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza waitwa Zanzibar. Mjomba hakujua Kiingereza ila kile cha bandarini, walakini jina hilo aliweza kulisoma. Kila jioni ya Ijumaa aliifuta sahani kwa kitambaa, akashusha sindano polepole, akatuamuru sisi watoto tunyamaze. Tarumbeta ya Freddie Hubbard ilipolia, aligeuza uso kuelekea bahari, upande wa Unguja, wala hakusema neno hata wimbo ukaisha.

Basi tukakua, tukaenda chuo cha ualimu, tukajifunza Kiingereza sana. Mwaka 2012 tulirudi likizo, tukamkuta mjomba barazani pamoja na wageni, na wimbo ule ukipigwa. Tukasikiliza, na mara tukafahamu maneno yote. Hatukuweza kujizuia. Tukasema, "Mjomba, wimbo huu si wa Unguja. Zanzibar hii ni jina la kilabu cha pombe tu. Humu anatajwa Muhammad Ali, na mchezo wa besiboli, na mwanamume anayemtamani mhudumu."

Wageni wakacheka. Mjomba akainua sindano, akairudisha sahani ndani ya karatasi yake. Akasema, "Ahsante, mwalimu."

Siku zote alituita "mjomba", kama tulivyomwita sisi, maana ndiyo desturi ya pwani mtu na mpwa wake kuitana hivyo. Jina la mwalimu hakuwahi kututajia. Tangu siku ile hatukuusikia tena wimbo ule nyumbani mwake, nasi, kwa ujinga wa ujana, tulidhani amekubali elimu.

Mjomba alifariki mwaka 2019. Baada ya hitima, mkaza mjomba alituita chumbani, akafungua lile sanduku, akatoa sahani ile.

Akasema, "Alikuwa na rafiki, kuli mwenzake, mzaliwa wa Unguja. Walikula sahani moja na kulala chumba kimoja. Vita vya Kagera vilipoanza, yule rafiki akaenda pamoja na mgambo. Hakurudi. Sahani hii mjomba wako aliipata mwaka 1980."

Tukanyamaza. Tukakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita ile tarehe 2 Novemba 1978, mwezi ule ule Wamarekani walipokuwa wakiinunua sahani hii kuliko nyingine zote. Tukamwuliza kwa aibu kama mjomba alihuzunika sana tulipomwambia habari ya kilabu cha pombe.

Akajibu, "Hilo alilijua. Baharia aliyemwuzia alimwambia siku ile ile. Yeye alitaka kulisikia jina tu."

"Basi mbona hakutuambia?"

"Nilimwuliza. Akasema, mwache, amefurahi kujua."

Sahani hiyo sasa tunayo sisi. Imepinda kwa joto, haichezeki tena. Wimbo wenyewe hupatikana siku hizi hata katika simu ya mkononi, nasi huusikiliza Ijumaa mojamoja, na tarumbeta ikilia, tunajikuta tumegeuka upande wa bahari.

Walimu wenzetu, hatusemi kwamba kusahihisha ni vibaya, maana ndiyo kazi tuliyopewa. Ila siku hizi, tukikuta katika daftari neno lisilo mahali pake, twaweka kalamu chini, twamwita mtoto atuambie kwanza alilikusudia nini. Mara nyingi amekosa tu, kama watoto wakosavyo. Lakini ziko siku tunapoona kwamba hakukosa.