Vichwa vya Mawe vya Meksiko

Katika nchi ya Meksiko, karibu na pwani ya mashariki, vimeonekana vichwa 17 vya watu vilivyochongwa kwa mawe ya volkano. Kila kichwa ni jiwe moja, na kilicho kirefu kuliko vyote chapata futi 11. Waliovichonga ni watu wa kale ambao wataalamu huwaita Waolmeki. Mji wao wa San Lorenzo ulistawi tangu mwaka 1200 hivi hata mwaka 900 kabla ya Kristo.

Kazi yao yastahili kustaajabiwa. Hawakuwa na chuma, wala magari ya magurudumu, wala ng'ombe au punda wa kukokota. Mawe yalitoka katika milima ya Tuxtla, mwendo wa kilometa 60 hivi, nao wakayachonga kwa kugonga jiwe kwa jiwe. Tena nyuso hazifanani: huyu amekunja uso, yule anacheka hata meno yaonekana, na kila kofia ina alama zake. Kwa hiyo wataalamu wengi husema kuwa hizi ni sura za wafalme. Majina yao yamepotea, nyuso zimebaki.

Wanafunzi wetu walipoona picha ya kichwa kimoja, pua pana na midomo minene, walituuliza, "Je, huyu si mtu wa kwetu?" Swali hilo si jipya. José María Melgar, aliyekiona kichwa cha Tres Zapotes mwaka 1862, aliandika mwaka 1869 kuwa ni sura ya Mwafrika. Wako wasemao hivyo hata leo. Lakini waliochimba huko hawakupata chombo chochote cha Afrika cha zama zile, na nyuso za namna hiyo zingalipo kwa wenyeji wa nchi hiyo.

Je, tumepunguziwa heshima? Hasha. Sisi twaujua uchungu wa kunyang'anywa kazi ya babu zetu. Kuta za Zimbabwe Kuu zilisemwa kuwa zimejengwa na wageni, hata Bibi Gertrude Caton-Thompson alipochimba mwaka 1929 akathibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika. Basi tulilolichukia tusimtendee mwenzetu. Nguo ya kuazima haisitiri mwili, wala sifa ya kuazima haimkuzi mtu. Tuwafundishe watoto wetu kuwasifu Waolmeki kwa kazi ya Waolmeki, na babu zetu kwa kazi ya babu zetu.