Mpiga Ridhimu Aliyeketi Barbican

Barthélemy Attisso, mpiga gita la solo wa Orchestra Baobab ya Senegal, alipofariki mwaka 2021, vijana kadhaa walinipigia simu kunipa pole, maana wanajua bendi hiyo ndiyo ugonjwa wangu. Wote walimsifu kwa solo. Latfi Benjeloun, aliyempigia ridhimu, hakutajwa na yeyote. Nilikata simu ya mwisho nikiwa nimenuna.

Mimi nilikuwa mpiga ridhimu. Nilizaliwa Tanga, nikajifunza kwa gita la kuazima, nikaajiriwa Dar es Salaam kwenye bendi ya shirika, mshahara mwisho wa mwezi na vyombo mali ya mwajiri. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alinikataza kabisa kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Alitaka nizitawanye moja moja, kiganja cha kulia kikiziziba kidogo ili mlio usivuke mpaka wa besi. "Wewe ndiye sakafu," alisema. "Mwenye solo akitaka kuruka, ataruka akitokea wapi?"

Baadaye tukapata kiongozi mpya aliyenunua kinanda na kuamua kwamba ridhimu ni mshahara unaopotea bure. Simtaji, tumezeeka, tunasalimiana. Niliondoka, nikaishia London kwenye kazi zisizohusu muziki.

Huko ndiko nilikowaona Baobab walipokutana upya, kwenye ukumbi wa Barbican, mwaka 2001. Bendi ilianza Dakar mwaka 1970, ikapiga Kikyuba kwa ladha ya Senegal, kisha mbalax, muziki wa dansi wa Kisenegali wenye ngoma za sabar, ikawashinda mjini na miaka ya 80 wakatawanyika. Attisso, Mtogo aliyekwenda Dakar kusomea sheria, alirudi Lomé kufanya uwakili, gita akaliweka kando miaka na miaka.

Watu waliketi kama wanasubiri hotuba. Sisi tuliokulia kumbi za Kariakoo tuliona aibu, tukasimama pembeni tukacheza, na haukupita muda viti vingi vikabaki vitupu. Saksafoni ya Issa Cissokho ilikuwa na ukorofi wake uleule. Attisso naye alipiga kama mtu asiyewahi kuvaa joho la mahakama. Lakini msikilizeni vizuri: alipiga sentensi moja, akanyamaza. Akapiga nyingine, akanyamaza tena. Mwenye solo hathubutu kunyamaza hivyo kama nyuma yake pana shimo. Nyuma yake palikuwa na Latfi, hana haraka, habadilishi kitu, na ukumbi mzima ukicheza kwa mkono wake bila kujua.

Mwaka uliofuata ilitoka albamu ya Specialist in All Styles, Youssou N'Dour akiwa mmoja wa watayarishaji, yeye ambaye mbalax yake ndiyo iliyowaondoa jukwaani. Mambo ya muziki hayo. Nilimtumia kiongozi wangu wa zamani nakala. Akanijibu kwamba solo ni tamu sana.

Siku hizi vijana wananijia na magita ya bei ambayo bendi yetu nzima isingeimudu, wanataka solo, na ridhimu wameirekodi kwenye kompyuta inajirudia yenyewe. Nawaambia izimeni. Kompyuta haimsikilizi mwenye solo. Haijui kama leo amechoka au amepandwa na mori. Anayetaka nimfundishe ataanza na ridhimu, na vidole vikishauma ndipo tutazungumza habari za Attisso.