Kurudi Nyandarua

Mtu aliyelelewa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri, hasahau baridi ya alfajiri wala ngurumo za mbega wakiitikiana kabla ya jua kuchomoza. Mimi naipenda milima hiyo tangu utotoni. Lakini yataka niseme pia kwamba kwa muda mrefu niliwachukia ndovu wake.

Mwaka 1987, usiku mmoja, ndovu watano waliingia katika shamba letu. Tulipiga madebe na kuwasha mienge mpaka kukapambazuka, nao wakala mahindi yote. Muhula uliofuata sikwenda shule, kwa kuwa karo ilikuwa katika mahindi yale. Baba hakunena neno. Aliketi kizingitini akiyatazama mabua.

Januari iliyopita nilirudi pamoja na mwanangu. Tulipita lango la Ruhuruini, gari likapanda taratibu. Kwanza ni miti mirefu yenye kuvu ndefu kama ndevu za wazee, kisha mianzi iliyosongamana hata mchana unakuwa kama jioni. Halafu ghafula mianzi inakwisha, na mtu hujiona katika uwanda wa nyasi za mafungu, ambapo lobelia husimama kama watu waliojitanda blanketi. Kilele cha Satima, ambacho kimo chake chapita futi 13,000, kilijitokeza kidogo, kikafunikwa na wingu.

Tulishuka kwa miguu mpaka maporomoko ya Karuru. Maji huanguka kwa ngazi tatu, jumla karibu futi 900, na ng'ambo ya bonde waonekana mto Gura nao ukijitupa. Mwanangu, ambaye ni karani mjini Nairobi, aliuliza maji yale huenda wapi. Nikamwambia kwamba mengi ya maji anayokunywa huko mjini hutoka katika milima hii. Alinyamaza kitambo, naye si mtu wa kunyamaza.

Bongo, yule mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe, hatukumwona. Sikushangaa, maana waliobaki mwituni hudhaniwa kuwa hawafiki 100.

Wakati wa kurudi, penye udongo wa chumvi, ndipo tulipowakuta ndovu: saba, na mmoja mtoto, akijifunza kutumia mkonga wake na kushindwa. Moyo wangu ulipiga kama usiku ule wa madebe. Lakini safari hii palikuwa na ua wa umeme kati ya msitu na mashamba. Ulianza kujengwa mwaka 1989 ukamalizika 2009, urefu wake karibu maili 250. Ulipofika kwetu tulivuna tena, wala sina haja ya kuulaumu. Hata hivyo, wazee wetu walisimulia jinsi ndovu walivyokuwa wakivuka kutoka Nyandarua mpaka Mlima Kenya na kurudi. Sasa njia hiyo imejaa mashamba, likiwemo letu. Nilimtazama yule mtoto wa ndovu, nikaona haya kidogo, jambo ambalo sikulitazamia.

Jioni tulifika kwa Baba, ambaye sasa ni mzee sana. Aliuliza jambo moja tu.

“Mliwaona wangapi?”

“Saba, Baba. Na mmoja bado anyonya.”

Akafikiri kitambo. “Wale wetu walikuwa watano,” akasema, kisha akamwita mjukuu wake amsogezee kiti karibu na moto.