Kipanya Kisicho Mkia

Chombo kikikataa kufanya kazi, mwenye chombo hujiwa na maswali mawili. La kwanza ni: nani kakiharibu? La pili ni: kimeharibika nini? Maswali haya yanafanana kwa sauti kama mapacha, walakini hayakuzaliwa na mama mmoja. La kwanza hutafuta mtu, na halikosi kumpata, maana watu hawaadimiki mahali popote. La pili hutafuta sababu, na sababu haiji mpaka ifuatwe kwa subira. Nataka kueleza tofauti ya maswali haya kwa mfano mdogo wa kipanya cha kompyuta, kwa kuwa niliona katika kata ya Migato jinsi la kwanza lilivyokaribia kumtoa mtoto darasani, na jinsi la pili lilivyomrudisha.

Migato ni kata ya wilaya ya Itilima, katika mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, yenye jua kali na miti michache. Katika shule moja ya huko nilipofundisha, kompyuta zilikuwa mbili tu, zote mpakato, na zote zilikwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Moja ilikuwa imekufa kibao chake cha kugusia, basi ikaendeshwa kwa kipanya kisicho waya. Umeme wetu ulikuwa wa sola, ukihifadhiwa katika betri moja kubwa, na betri hiyo ndiyo iliyowasha taa za usiku. Kwa hiyo ilikuwa desturi, jua likianza kuinama, waya wa kompyuta uchomolewe ili taa zisikose riziki yake, na kompyuta iendelee kwa betri yake yenyewe.

Kipanya si mgeni wa jana. Douglas Engelbart wa Marekani alikionyesha mbele ya hadhara huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na cha kwanza kabisa kilikuwa kijisanduku cha mti chenye waya uliochomoza kama mkia. Vipanya vingi vya leo vimekatwa mkia huo. Chetu kilisema na kompyuta kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na kipokezi chake, kidogo kama ukucha, kilichomekwa katika tundu la USB. Waya una fadhila moja ambayo watu huisahau: unaonekana. Ukikatika, jicho hushuhudia. Mawimbi hayaonekani, na jambo lisiloonekana, likiharibika, huwapa watu ruhusa ya kusema lolote.

Wanafunzi walijifunza kwa zamu tatu. Katika zamu mbili za kwanza kipanya kilikuwa kitiifu. Katika zamu ya tatu mshale uliganda juu ya kioo. Mwanafunzi akisita kidogo asome, kisha akisogeze kipanya, hakiitikii. Akibonyeza mara moja au mbili, huamka kama mlinzi aliyefumaniwa usingizini. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili walinung'unika. Wiki ilipokwisha hawakuwa wakicheka tena, bali walikuwa wakitazamana, na macho yao yaliishia kwa msichana mmoja wa zamu hiyo aliyelelewa na bibi yake. Bibi huyo alikuwa mkongwe, na macho yake yalikuwa mekundu.

Msomaji asiyeijua nchi ya Usukuma huenda asione uhusiano baina ya kipanya na macho ya ajuza. Heri yake. Huko kuni ni haba, na wanawake wengi wamepika maisha yao yote kwa vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wa miaka arobaini ndani ya jiko lisilo dirisha huyageuza macho yakawa mekundu. Wekundu huo umesomwa na watu wengine kuwa ni alama ya uchawi, na vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya ng'ombe aliyekufa, au mtoto aliyeugua, au shamba lililoharibika, baada ya mpiga ramli kuelekeza kidole. Mwezi wa Januari mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi, wakati nchi ilipokuwa ikilia kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Amri ya serikali yaweza kufunga kilinge cha mpiga ramli. Kuufunga mnong'ono ni kazi ngumu zaidi.

Mwalimu mwenzangu aliniambia kwa utani, lakini utani ule ulikuwa na ncha, "Mwalimu, lisemwalo lipo." Na jioni moja msichana mwenyewe alinijia, akaniamkia, akasimama kando ya mlango. "Mwalimu," alisema, "afadhali mimi niache kuja, ili wenzangu wasome." Hakulia. Alisema kama mtu aliyekwisha kupima hesabu yake na ya bibi yake nyumbani, akaona hasara iliyo ndogo. Nilimjibu kwamba kesho asikose kuja, na kwamba yeye ndiye atakayekaa mbele ya kibodi.

Kompyuta ile iliendeshwa kwa mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa kufuata mwendo wa Unix, uliozaliwa Marekani mwaka 1969 kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mifumo ya ukoo huu ina tabia ninayoipenda: haioni haya kueleza hali yake. Vyombo vyake vingi huonekana kama faili ziwezazo kusomwa, na kiini chake huandika shajara ya yaliyokipata. Si lazima kubahatisha juu ya mfumo wa namna hii. Mtu huuliza, akajibiwa.

Tuliuliza swali moja moja, tukibadili jambo moja tu kila mara, maana abadiliye mambo mawili kwa pamoja hajui lipi lililomponya. Tulitia betri mpya katika kipanya: kiliganda vile vile. Tulikihamishia kwenye kompyuta ya pili: kilikwenda vizuri, basi hakikuwa kibovu. Tulirudi kwenye ya kwanza, msichana akaandika amri ya "lsusb", ambayo huorodhesha vyombo vilivyochomekwa: kipokezi kilikuwamo. Aliifungua shajara kwa amri ya "dmesg", akachomoa kipokezi na kukichomeka tena: mistari mipya ilijiandika mbele ya macho yetu, ikitaja kuondoka kwake na kurudi kwake. Tundu la USB la aina ya tatu huweza kutoa kelele katika masafa yale yale ya kipanya. Tukakihamishia kipokezi tundu jingine, mbali na la kwanza. Kiliganda.

Maneno ya shajara hiyo ni ya Kiingereza, nami niliyafasiri kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Nilikumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kusema Kiswahili. Kazi kama hiyo si pambo la lugha. Ushahidi usioweza kusomwa na mshitakiwa haumtetei.

Ndipo nilipowauliza: zamu ya tatu ina nini kisichokuwamo katika zile mbili? Walitaja joto, wakataja saa, wakanyamaza kwa jina moja ambalo kila mtu alilijua. Hatimaye mvulana mmoja alisema, "Waya, Mwalimu. Zamu yetu waya huwa umechomolewa." Msichana alisimama. "Basi na mimi nitoke nje," alisema, "tuone." Sikupenda jaribio hilo, kwa kuwa si haki mtu atakiwe kuthibitisha kwamba hana hatia ya jambo lisilothibitishwa. Lakini alilitaka mwenyewe, naye alikuwa na haki ya kulitaka. Alitoka, waya ukabaki umechomolewa: kipanya kiliganda. Akarudi, waya ukachomekwa: kilikwenda. Akakaa, waya ukachomolewa: kiliganda tena. Hapana aliyesema neno.

Sababu ilikuwa imeandikwa katika faili ndogo inayotawala usingizi wa kipokezi. Kompyuta ikiwa katika umeme wa sola, faili hiyo ilisomeka "on", yaani chombo kisilale. Waya ukichomolewa, ilisomeka "auto", na kipokezi kiliruhusiwa kulala baada ya kukaa kimya sekunde 2. Mtumiaji wa zamani alikuwa ameweka programu ya kubana umeme, nayo ilitimiza wajibu wake kwa uaminifu kupita kiasi. Kusogezwa hakukutosha kukiamsha kipanya chetu, kilitaka kubonyezwa. Msichana aliandika herufi mbili za "on" katika faili ile, kwa idhini ya msimamizi wa mfumo. Kwa kuwa andiko hilo hufutika kompyuta izimwapo, tuliingiza pia nambari ya kipokezi katika orodha ya vyombo ambavyo programu ile imekatazwa kuvilaza. Tangu hapo hakikuganda.

Msichana aliendelea na masomo, na mnong'ono wa kipanya ulikwisha. Wa bibi haukukwisha siku ile, wala sikutazamia uishe. Kipanya kilikuwa na kompyuta iliyomwandikia shajara, saa baada ya saa, ikangoja msomaji. Kikongwe hana faili iliyohifadhi moshi wa kila asubuhi tangu alipoolewa. Ushahidi wake umo usoni mwake, nao ndio ule ule unaotumiwa kumshitaki. Hawezi kujitetea mpaka jirani yake akubali kuuliza kimeharibika nini kabla ya kuuliza nani kakiharibu.

Sisi tuliosoma tumezoea kuona kwamba elimu ya vyombo ni jambo moja na elimu ya utu ni jingine, kila moja na jengo lake na walimu wake. Migato sikuuona ukuta huo. Vijana waliojifunza kubadili jambo moja kwa wakati mmoja, na kutosadiki la pili kabla ya kulipima la kwanza, walijifunza kwa kipanya. Mtihani wao mkubwa utakuja siku ng'ombe atakapokufa zizini kwa jirani, na mtu atakapowaambia kwamba lisemwalo lipo.