Ahadi Iliyofukiwa Ardhini



Katika utume wangu hapa Ufipa, swali zito kuliko yote ninayoulizwa halihusu sheria za Kanisa. Huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya mazishi, watu wanapoanza kutawanyika: “Padre, Mungu aliahidi kutulinda. Mbona mwanangu amekufa?” Mama anayeuliza hivyo hatafuti mjadala wa kitaalimungu. Amesali rozari, ametoa nia za Misa, amekesha hospitalini. Na sasa anataka kujua kama Yule aliyemtegemea ni wa kutegemewa kweli. Juma hili, ndugu zangu, naomba tulitafakari pamoja swali hilo, kwa maana naamini halimchukizi Mungu.

Yatupasa kwanza kutambua Mungu ameahidi nini hasa. Siku hizi katika miji yetu, Sumbawanga ikiwamo, hawakosekani wahubiri wanaomwahidia mtu gari, ndoa na uponyaji kabla ya mwisho wa mwezi. Ahadi hizo zisipotimia, maskini huambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba, naye hurudi nyumbani na mizigo miwili: shida aliyokwenda nayo, na hatia aliyobandikwa. Bwana wetu hakusema hivyo. Aliwaambia wanafunzi wake waziwazi kwamba ulimwenguni watapata dhiki, na kila atakayemfuata ataubeba msalaba. Alichoahidi ni kwamba atakuwa pamoja nasi hadi ukamilifu wa dahari, na kwamba mauti haitakuwa na neno la mwisho.

Hebu tumtazame Abrahamu, baba yetu katika imani. Mungu alimwahidia nchi nzima ya Kanaani. Lakini sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo yatueleza jambo la kushangaza: sehemu ya nchi ile ambayo Abrahamu aliinunua ikawa mali yake ilikuwa shamba la Makpela pamoja na pango lililokuwamo, na alilinunua kwa shekeli 400 za fedha ili amzike mkewe Sara. Tafakarini, wapendwa. Mtu aliyeahidiwa nchi nzima akapewa, kwa macho ya kibinadamu, nafasi ya kaburi. Hata hivyo hakurudi Harani. Alimzika Sara katika ardhi ya ahadi kama mtu anayeweka rehani: hapa ndipo watakapokaa watoto wetu. Ndiyo maana Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, wawasifu wazee wale waliokufa bila kuyapokea yaliyoahidiwa, bali waliyaona kwa mbali na kuyashangilia.

Wazee wetu wa Kifipa wangelielewa hilo upesi. Walikuwa na kilimo chao cha matuta ya mviringo waliyoyaita intumba. Mvua zikiwa bado zinanyesha, majani yaligeuzwa pamoja na udongo wake, yakalundikwa na kufukiwa yaoze. Juu ya tuta waliweza kupanda maharage. Lakini ulezi, chakula chao kikuu, haukusiwa hadi msimu uliofuata, matuta yalipovunjwa na ule udongo mnono kutandazwa shambani. Katikati palikuwa na kiangazi kirefu, upepo mkali na baridi ya uwanda wetu. Mgeni aliyepita mwezi Julai aliona vichuguu vikavu tu. Mwenye shamba alijua kwamba chini kuna kazi inayoendelea, ingawa hakuna aliyeisikia.

Nchi hii ina shahidi mwingine. Adrien Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, katika nchi ya mto Niger, akaibwa angali mtoto na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walimkomboa, naye akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 aliwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo wamisionari hao walikuwa wamepokea kituo mwaka 1885. Alikuwa katekista na tabibu hapo hadi alipofariki mwaka 1956: miaka 67 ya kuwatibu na kuwafundisha watu wasio wa kabila lake, katika nchi ambayo njia za misafara ya watumwa zilikuwa bado hazijaota majani.

Nani angalimlaumu mtoto yule, aliyenyang’anywa wazazi na kijiji, kama angalisema kwamba Mungu amemsahau? Mimi sithubutu kusema kwamba Mungu alitaka auzwe. Utumwa ulikuwa dhambi ya wanadamu, na Mungu si mshirika wa dhambi. Nasema tu kwamba hata shimo lile halikuwa refu kiasi cha kumshinda Mungu kumfikia. Ahadi haikumrudishia Atiman utoto wake. Ilimfanya aliyejeruhiwa awe mponyaji. Naye hakuliona Jimbo la Mpanda likizaliwa mwaka 2000, ambalo leo Karema imo ndani yake. Alisia, wengine wakavuna.

Je, basi, tumwambie nini yule mama? Mimi simwambii kwamba Mungu amempenda zaidi mtoto wake ndipo akamchukua. Maneno hayo hutuliza wasemaji kuliko wafiwa. Mara nyingi hukaa naye kimya. Kanisa lenyewe limenifundisha kimya hicho: kila Ijumaa, katika sala ya mwisho kabla ya kulala, sisi mapadre husali Zaburi ya 88, zaburi inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, bila jibu. Kuna Ijumaa ambazo nimetoka kuzika mchana, na usiku zaburi hiyo imekuwa sala pekee niliyoweza kuitamka bila kujilazimisha. Mzaburi analalamika, lakini analalamika mbele za Mungu, hajampa kisogo. Hiyo nayo ni imani, wapendwa, na huenda ndiyo imani iliyo ghali kuliko zote.

Lakini kimya hakitoshi. Mungu aliyeahidi kutomwacha mjane na yatima hutimiza ahadi hiyo, kwa sehemu kubwa, kwa mikono yetu. Jumuiya ndogo ndogo inapokwenda na majembe kumlimia mfiwa kabla mvua za Novemba hazijampita, Mungu ametimiza neno lake pale shambani. Na tusipokwenda, tunamfanya mtu aliyejeruhiwa adhani kwamba Mungu ni mwongo. Jambo hilo latupasa kuliogopa. Mkifanya mitihani ya dhamiri jioni, msiulize tu, “Je, Mungu ametimiza aliyoniahidi?” Ulizeni pia, “Ni ahadi gani ya Mungu kwa jirani yangu iliyokwama mlangoni pangu?”

Naomba kila jumuiya juma hili itaje kwa majina wafiwa walio katika eneo lake, ipange siku ya kuwatembelea, na iende. Msibebe maelezo mengi. Bebeni unga, maharage na muda wa kukaa. Mengine mwachieni Kristo, ambaye naye alifukiwa ardhini, na siku ya tatu ardhi ikashindwa kumzuia.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Bikira Maria, aliyesadiki na akasimama chini ya msalaba, atuombee.

Ni mimi Paroko wenu katika Kristo.